Fundi Anajibu: Silensa inashuka, nimeambiwa ninunue sensa mpya

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Dodoma, natumia IST ya 2004 yenye injini ya 1NZ. Siku hizi nikisimama kwenye mataa silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka mpaka gari inataka kuzima, nikikanyaga mafuta inachelewa kuitikia alafu inaondoka kwa kushtuka, na mafuta inakula kuliko zamani. Taa ya cheki injini imewaka, wamepima na mashine ikaleta P0171, nikaambiwa sensa ya eya flo, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, imekufa ninunue nyingine. Plagi nimeshabadili ila hali ni ileile. Kazini kwangu ni barabara ya vumbi tupu kila siku. Ninunue?

JIBU: Salama dada yangu, pole sana na huo usumbufu. Usinunue kwanza. P0171 haisemi sensa imekufa, inasema tu kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inayoletewa, na hilo linaweza kusababishwa na vitu vingi: sensa chafu, mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, nozeli za kupulizia petroli zilizoziba. Mtu akisoma kodi moja (namba ya hitilafu kama hiyo P0171) akakutajia spea hapohapo bila kufungua boneti, mwombe akuonyeshe alichokiona.

Kwa hiyo vumbi unayopita mimi naanzia kwenye eya klina. Boksi lake ni lile jeusi la plastiki lenye bomba nene linaloingia kwenye injini, fungua klipu, inua mfuniko, toa filta uishike juani uitazame kwa upande wa pili. Kama mwanga haupiti vizuri katikati ya mikunjo, au karatasi imelowa oili, au ule mpira wa pembeni umekunjamana, hiyo ni ya kutupa. Angalia pia ndani ya boksi upande ule wa pili wa filta, upande unaoelekea injini, pitisha kidole: ukikuta vumbi ujue filta ilikuwa haijakaa vizuri au ni feki imepwaya, na vumbi hilo ndo limeenda kukaa kwenye sensa. Futa boksi na kitambaa kibichi kidogo, weka filta mpya, hakikisha mpira umekaa kwenye mfereji wake pande zote kabla hujabana klipu. Kwenye lami tupu filta inaweza kufika kilomita 20,000 lakini kwa njia yako icheki kila ukimwaga oili na ukifika 10,000 badilisha tu.

Sasa sensa. Ipo palepale baada ya filta, ina soketi ya waya tano na skrubu mbili za bisibisi ya nyota. Ndani yake kuna kiwaya chembamba sana kinachopashwa moto na umeme, hewa ikipita inakipooza kama unavyopuliza chai, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inajua hewa ni kiasi gani kwa kuangalia umeme uliohitajika kukirudisha kwenye joto lake. Kikishapakwa vumbi na mafuta hakipoi inavyotakiwa, kinaripoti hewa kidogo kuliko iliyopita kweli, petroli inapunguzwa, gari inakosa nguvu, wewe unakanyaga zaidi. Kontroli boksi inajitahidi kuongeza petroli yenyewe, ikifika mwisho wa uwezo wake ndo inawasha taa.

Kuisafisha: zima gari, toa ufunguo, acha injini ipoe. Chomoa soketi kwa kubonyeza kile kilimi chake, usivute waya, fungua skrubu, itoe taratibu na uangalie kimpira chake cha duara kisidondoke. Nunua spreyi ya kusafishia sensa ya hewa, iwe imeandikwa hivo kwenye kopo, piga mara kumi hivi kwenye kiwaya na kwenye kile kitone cha pembeni kinachopima joto la hewa. Usiguse. Si kwa pamba, si kwa mswaki, si kwa kidole, kile kiwaya kikikatika hapo ndo kweli utanunua mpya. Usipulize na kompresa. Iache ikauke yenyewe kivulini nusu saa mpaka saa nzima, maana spreyi nyingi zinashika moto na kiwaya kinapata joto ukiwasha, alafu rudisha, futa kodi kwa mashine, endesha siku mbili tatu.

Kabla ya yote hayo tazama ule mpira wa hewa unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini. Ukiutazama juujuu utauona mzima, upinde kwa mkono ufungue ile mikunjo, nyufa zinajificha mle ndani. Ukiwa umepasuka hewa inaingia bila kupita kwenye sensa na unapata kodi hiyohiyo hata sensa ikiwa mpya kabisa.

Ukimaliza mwambie mwenye mashine akusomee gramu za hewa injini ikiwa ya moto kwenye silensa bila AC, kwa 1NZ nategemea kama 1.5 mpaka 3 kwa sekunde. Na aangalie petroli inayoongezwa kwa asilimia, ikiwa bado inazidi 20 baada ya usafi na mpira ni mzima basi nendeni kwenye presha ya mafuta.

SWALI: Fundi niko Mombasa na Probox ya kazi, spreyi ya sensa siipati karibu. Naweza tumia petroli ama ile ya kuoshea kabureta?

JIBU: Hapana kaka. Ya kabureta inaacha utando kwenye kiwaya na ya breki inaweza kula plastiki. Petroli ndo usifikirie, ni moto ule. Agizia duka la spea, hata wiki moja subiri, gari itaendelea kutembea.

SWALI: Nikipuliza filta na upepo wa kwenye tairi si inatosha?

JIBU: Ukiwa safarini sawa, ila upepo mdogo, na upulize kutoka upande wa ndani kwenda nje, ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani ya karatasi. Presha kubwa inatoboa matundu usiyoyaona. Na zile filta za kufua zinazopakwa oili, ukizidisha oili inaruka moja kwa moja kwenye kiwaya, kwa hiyo kwa gari yenye sensa ya hii aina mimi nakushauri ya karatasi.