Re: Mkisoma riwaya moja, nusu wakaichukia, mnafanyaje?

Mkuu, kundi msilivunje kwa hilo tu. Sisi hapa Ujiji tuko wanne, tulisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) kwa nakala moja iliyoachia gundi, kurasa za mwisho tumezibana kwa kibanio cha nguo. Tulipofika pale Zakaria anapompiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, mmoja akasema baba ndiye kamharibu mtoto. Dada yetu mwenye mabinti wawili akaruka: “Na Rosa akili zake alimwachia nani?” Chai ya tangawizi ikapoa tunabishana. Mimi mwisho sikuupenda, vifo vimerundikana mno (wenzangu hawajanisamehe). Kwenu, aanze kusema aliyeichukia, na ataje ukurasa uliomkera.