Cheti cha kiwanda na kobalti ya Kolwezi

SWALI: Nasimamia manunuzi katika kampuni ya umeme wa jua, Dar es Salaam. Betri tunaagiza China. Muuzaji ametuma cheti kwamba kiwandani kwake hakuna mtoto anayefanya kazi, lakini mfadhili wetu anauliza kuhusu kobalti ya Kongo, madini yanayotumika kwenye baadhi ya betri. Je, cheti kinatosha?

JIBU: Ndugu yangu, anza na lebo ya betri. Ikiwa ni LFP, yaani lithiamu, chuma na fosfati, haina kobalti kabisa, na betri nyingi za sola siku hizi ni za aina hiyo. Mjibu mfadhili hivyo, yaishe. Ikiwa ni NMC, yaani nikeli, manganizi na kobalti, basi kobalti imo.

Cheti hicho kinaweza kuwa cha kweli, ila kinajibu swali ambalo mfadhili hakuuliza. Mtoto hayupo kwenye kiwanda cha kuunganisha betri. Yuko nyuma sana, Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, na viunga vyake, anaokota mawe kwenye mabaki ya migodi mikubwa, anayaosha mtoni, anabeba magunia. Dalali huyapeleka kwa pikipiki hadi depo. Pale mnunuzi hupima kiwango cha madini kwa mashine, hutaja bei, kisha gunia humwagwa juu ya rundo. Ushahidi unafia hapo: rundo halisemi nani kachimba wala shimo lipi. Baadaye huchanganywa na mawe ya migodi ya mashine, hugeuzwa haidroksaidi, yaani kobalti ghafi, na kwenda kusafishwa, sehemu kubwa China.

Kwa hiyo mdai muuzaji jina la kiwanda kinachosafisha kobalti yake. Kisha uliza: kinanunua depo zipi, nani huzikagua, na wakaguzi hufika kwa taarifa au kwa kushtukiza? Akikuambia yake haitoki Kongo, athibitishe; takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka huko.

Na mkigundua mtoto, msivunje mkataba papo hapo. Bangladesh, muswada wa Seneta Harkin wa Marekani ulipotishia kuzuia nguo zilizoshonwa na watoto, wenye viwanda waliwatimua mwaka 1993. UNICEF ilikadiria watoto 50,000. Baadhi waliishia kuponda mawe, kazi mbaya kuliko ya cherehani. Makubaliano yaliyoleta shule na posho ya kila mwezi yalisainiwa 1995, wakati wengi wao wameshatawanyika. Nyinyi andikeni kipengele hicho kabla ya kusaini: mtoto akipatikana, nani analipia shule, nani anafidia kipato cha nyumbani, kwa muda gani.