Kabla ya Kulaumu Programu, Itazame Karatasi

Swali limerudi tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mwanafunzi wa hapa Nairobi: "Nimefunga Arduino Nano, ile bodi ndogo ya kompyuta, ipime maji yanafika wapi kwenye ukanda wa karatasi na kwa muda gani. Maji yanatembea vizuri, lakini namba zinarukaruka. Programu ina kasoro gani?" Mara nyingi haina. Mkosaji huwa ni karatasi au namna ulivyoigusa, na mara nyingine namna unavyozisoma pini.

Kata Whatman namba 1, karatasi ya kuchujia ya maabara, kwa wembe mpya, upana milimita 10, urefu 100. Kanda zote zielekee upande uleule wa shiti, maana nyuzi za karatasi hulalia upande mmoja na maji hukimbia zaidi yakizifuata. Shika kwa kibanio. Mafuta ya kidole yakibaki hapo, maji yatalikwepa doa lako nawe utadhani sensa imekufa.

Kisha elektrodi, yaani vyuma vinavyogusa karatasi na kupitisha umeme kwenye maji. Wengi hupenda tepu ya shaba kwa kuwa hubandikwa haraka. Mimi naikataa. Kati ya tepu na karatasi hubaki mfereji mwembamba, maji yanatangulia mle kabla ya kulowesha karatasi yenyewe, na hapo unapima tepu. Nenda Luthuli Avenue, nunua pini za safu mbili, zile za kusodea bodi. Chomoa nyingine, bakisha jozi ya 1, 5, 9, 13, 17 na 21. Pini hupishana milimita 2.54, kwa hiyo kutoka kituo (jozi moja ya pini) hadi kituo ni 10.16, si 10. Ncha ziguse tu. Ukizikandamiza, vinyweleo vinabanwa na maji yanapungua mwendo palepale unapopima.

Safu moja yote iende D2 (majina haya yameandikwa kwenye Nano yenyewe). Ya pili, kila pini iende kwenye yake kati ya A0 na A5, na kutoka kila moja rezista ya kilo-omu 100 iende D3. Washa D2 (HIGH), zima D3 (LOW), subiri milisekunde 1, soma. Geuza, D3 iwake na D2 izime, kwa muda uleule. Halafu zote mbili ziwe INPUT, yaani zisitoe umeme, hadi zamu ijayo. Mara 5 kwa sekunde yatosha. Tafadhali usiruke hatua ya kugeuza. Umeme ukienda upande mmoja tu, pini moja hutoa viputo na nyingine huliwa, karatasi inaanza kuonyesha kijani, na namba zinashuka ilhali maji hayajaondoka.

Kila pini isome mara mbili, utupe jibu la kwanza. Chipu ya Nano hutaka chanzo kisichozidi kilo-omu 10. Kwa 100, pini ya jirani huacha mabaki yake kwenye jibu lako. Hizo ndizo namba zinazorukaruka!

Maji yaliyotoneshwa (distilled) hayapitishi umeme wa maana. Tia gramu 1 ya chumvi kwa lita. Laza ukanda, usiusimamishe, na ufunike kwa kopo la plastiki la chakula, kwani bila kifuniko maji huvukiza njiani.

Sasa chora grafu: umbali kipeo cha pili dhidi ya muda, umbali ukipimwa kuanzia pale karatasi inapoingia kwenye maji. Inapaswa kunyooka. Kama milimita 20 zimechukua sekunde 40, basi 40 zitachukua kama 160, si 80. Mstari ukipinda mwishoni, funika vizuri zaidi. Ukivunjika kwenye kituo kimoja, kuna pini inayokandamiza. Andika na joto la maji: ya nyuzi 15, kama asubuhi ya Julai, huchukua muda mrefu kuliko ya 25, kama robo zaidi, kwa sababu hutiririka kwa uzito.

Kwa kazi ya nje, pawa benki nyingi hujizima Nano inapokula umeme kidogo. Betri 6 za AA kwenye VIN, pini ya Nano ya kuingizia umeme, hazina maringo hayo.

Jiwe la kujengea la Ndarugu au tofali hupimwa kwa pini zilezile, ila chumvi iliyomo ndani huyeyuka na kupandisha namba hata maji yakiwa machache. Hapo sensa ikuambie maji yamefika lini tu. Kiasi chake kipimwe kwa mizani ya gramu 0.1, jiwe lifutwe chini kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila kipimo.