Nilipoacha kuomba kazi kwenye usaili

Wiki iliyopita binti mmoja wa Mwanza aliniandikia inboksi saa sita usiku: "Kaka, nimepigwa chini usaili wa kuigiza mara ya nne. Niendelee, au nikauze mitumba na mama?" Sikumjibu palepale. Mchana wa siku hiyohiyo na mimi nilikuwa nimepigwa chini, na meseji yake ilinikuta nimejilaza kitandani na viatu.

Nianze na langu, maana bado linanikereketa. Tamthilia mpya, mhusika ni baba anayewaficha wanawe ugonjwa. Nilipewa kurasa tatu, nikakaa nazo siku nne. Mke wangu alikuwa ndiye daktari, tukifanyia mazoezi jikoni, mpaka akafika mahali anasema mistari yake huku anakata vitunguu bila hata kunitazama. Siku yenyewe tumepanga foleni koridoni tangu saa mbili asubuhi, mimi nimeitwa saa tisa. Ndani watu watatu, kamera moja, na feni inayolalamika. Nikacheza. Nitajisifu, kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu: nilicheza. Pale baba anaposoma karatasi ya majibu ya hospitali, niliikunja mara nne, taratibu, ikawa ndogo kama kisabuni cha gesti, nikaitia mfuko wa shati na kuupigapiga mfuko. Dada wa kamera akaacha kutafuna bablishi.

Kisha mmoja wao akauliza, "Instagram una wafuasi wangapi?"

Elfu moja na mia mbili. Akaandika kitu kifupi sana. Nafasi kapewa kijana mchekeshaji ambaye tukikutana ananiita anko. Atacheza baba mwenye watoto watatu, kwa ndevu za kubandika! Haya, tuyaache. (Siyaachi, lakini tuendelee.)

Kila nikiumia hivi huwa narudi kwa Bryan Cranston, mwigizaji wa Marekani. Ninyi mnamjua kwa Walter White, yule mwalimu wa kemia aliyegeuka mpishi wa dawa za kulevya kwenye Breaking Bad. Lakini tamthilia hiyo ilianza Januari 2008, na yeye alikuwa na miaka 51. Baba yake naye alikuwa mwigizaji, aliutaka ustaa akaukosa, akaitelekeza familia Bryan akiwa bado mtoto. Yeye na kaka yake wakaishi kwa muda na babu na bibi huko Yucaipa, California, kwenye kuku wa kufuga na wa kuchinja. Chuoni alisomea mambo ya polisi. Alipoingia kwenye uigizaji alichukua kilichokuja: tangazo la dawa ya bawasiri, ndiyo, bawasiri, sauti za madubwana kwenye Power Rangers, daktari wa meno anayepita kwenye vipindi vichache vya Seinfeld.

Anasimulia mwenyewe kwamba miaka ya tisini kuna kitu kilimgeuka kichwani. Aliacha kwenda kwenye usaili kutafuta kazi. Akawa anakwenda kuonesha namna anavyomwona mhusika, anamaliza, anaondoka. Nani achukuliwe, hilo ni la wenyewe.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1998 alicheza kipindi kimoja tu cha tamthilia ya The X-Files: jamaa mkorofi, mbaguzi, kichwa kinamuuma, na gari likisimama anakufa. Mwandishi wa kipindi hicho alikuwa Vince Gilligan. Karibu miaka kumi baadaye Gilligan anamtaka kwa Walter White, wakubwa wa televisheni wanasita: si huyu ndiye yule baba wa vituko wa Malcolm in the Middle, anayezunguka nyumbani na chupi? Gilligan akawatolea kipindi kile cha zamani. Wakakubali. Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani, akabeba 2008, 2009, 2010, akaja kuongeza ya nne 2014.

Kwa hiyo msiniambie habari za koneksheni. Koneksheni ya Cranston ilikuwa siku chache za kazi alizozifanya sawasawa.

Ushauri wangu basi, mdogo wangu: nenda kufanya kazi, usiende kuomba. Ukimaliza, usisimame mlangoni kuuliza "nimefanyaje?" Sema asante, toka. Kurasa zile zitupe kwenye pipa la kwanza utakaloliona njiani. Na simu usiikodolee macho. Narudia, usiende kuomba. Mtu anayeomba huonekana tangu anavyovuta kiti. Vijana wengi mnajua kujipiga picha na skripti kuliko kuisoma, na mkikosa mnasema mmebaniwa. Mimi nina miaka 14 kwenye kazi hii, filamu 11, na tatu kati ya hizo nimefika mwisho nikiwa hai. Sijawahi kumnunulia mtu bia ili anipe sehemu. Labda ndiyo maana ni 11 tu, lakini nalala usingizi.

Ila nikisema simu usiikodolee, mimi yangu niliiweka juu ya tumbo siku tatu, sauti ya mwisho, hata bafuni naingia nayo. Na zile kurasa za baba mgonjwa sijazitupa. Ziko droo ya juu, pamoja na ile karatasi ya mikunjo minne.

Mitumba kauze, binti. Mama anahitaji msaada na wewe unahitaji nauli. Usaili wa tano nenda vilevile.

Mimi nina mwingine Alhamisi: mlinzi wa geti, mistari miwili, anamzuia mwenye gari. Jana usiku mke wangu, mikono ikiwa na unga, aliniuliza mwenye gari ni mwanamume au mwanamke.