Vipandikizi 40, mti mmoja

Ndugu, umeuliza kama vipandikizi 40 vya mti mmoja adimu vinatosha. Hata vikishika vyote, bado una mti mmoja tu, maana ni nakala zake. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Encephalartos woodii, mmea wa Afrika Kusini unaofanana na mtende, ulipatikana 1895, dume tupu, bila jike la kuzaa naye mbegu, na mpaka leo unaendelezwa kwa machipukizi tu.

Tafuta mbegu, chache chache kutoka miti mama mingi, na nyingi ziache porini. Zenye ganda gumu zikwaruze kwa msasa, mbali na lile kovu zilipong'okea, kisha loweka usiku kucha. Iliyovimba asubuhi, panda. Lebo andika kwa penseli. Wino hufutika (yalinikuta).