Mshale wa spidi haujasogea, mchapuko umetoka wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu. Tumeambiwa kwamba daladala ikizunguka kipilefti huku mshale wa spidi umetulia kwenye kilomita 18 kwa saa, bado ina mchapuko. Mimi najua mchapuko ni kuongeza mwendo. Halafu, spidi na velositi si kitu kimoja?

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililokuvuruga kwenye la kwanza.

Spidi haijali unaelekea wapi. Velositi inajali. Chukua mbio za David Rudisha wa Kenya kwenye Olimpiki ya London, mwaka 2012: mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mzunguko wa kwanza alitumia sekunde 49.28, wa pili 51.63. Gawanya 800 kwa 100.91, unapata wastani wa spidi wa mita 7.93 kwa sekunde. Ila kwa velositi hatugawanyi umbali, tunagawanya uhamisho, yaani mstari ulionyooka kutoka alipoanzia hadi alipomalizia. Mizunguko miwili ya uwanja inamrudisha mtu palepale (tusahau kidogo kwamba njia za nje huanzia mbele kidogo), kwa hiyo uhamisho ni sifuri na wastani wa velositi ni sifuri. Hapa darasa huwa linacheka, kisha kwenye mtihani wanaandika 7.93.

Sasa twende kwenye daladala yako. Mchapuko ni badiliko la velositi katika kila sekunde, na velositi inabadilika hata kwa kugeuka tu. Gari likiwa upande wa magharibi wa kipilefti, pua inatazama kaskazini. Robo mzunguko baadaye inatazama mashariki. Mshale haukusogea, lakini velositi si ile tena.

Kiasi chake unakipata kwa kuchukua kipeo cha pili cha spidi na kukigawa kwa nusu kipenyo. Kilomita 18 kwa saa ni mita 5 kwa sekunde. Tuseme nusu kipenyo ni mita 20: 25 gawa kwa 20 ni 1.25, mita kwa sekunde kwa sekunde. Dereva akiwahi abiria akaingia na kilomita 36, spidi imekuwa mara mbili tu, lakini mchapuko unafika 5, mara nne ya ule wa kwanza na karibu nusu ya ule wa kitu kinachoanguka, 9.8. Konda anayening'inia mlangoni analijua hili bila kalamu, kwa sababu kwetu mlango uko kushoto, na kushoto ndiko nje ya kona.

Siku nyingine kaa mbele, utazame tasbihi au rozari iliyotundikwa kwenye kioo cha dereva. Kwenye kipilefti italalia kushoto. Usiseme kuna kitu kinaivuta nje. Yenyewe inataka kuendelea moja kwa moja, gari ndilo linalokata kulia, mpaka uzi unailazimisha kufuata.

Ukiulizwa mchapuko huo unaelekea wapi, chora mshale wa kwenda katikati ya kipilefti. Ukiuchora kufuata barabara, alama imekwenda.