CEA ya baba ni 18, ndiyo basi tena?

Pole mdogo wangu. CEA ni protini ya kwenye damu inayopimwa kufuatilia saratani, na hiyo 18 (ng/mL) ya kabla ya upasuaji si hukumu. Kweli, CEA ikizidi 5 uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kurudi huongezeka, ila hatua ya ugonjwa na tezi za limfu zilizoshambuliwa vina uzito zaidi. Na je, mzee anavuta sigara? Hiyo nayo huipandisha kidogo.

Mpimeni tena wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji. Ikishuka chini ya 5, ni dalili njema. Mama tulimpeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, kupimwa CEA kila miezi 3, enzi za kivuko cha Busisi, daraja bado. Majibu nilikuwa nayaandika nyuma ya daftari la madeni ya duka, nione mwendo. CEA ikipanda mara mbili mfululizo, ulizieni CT skani.